Roboti haina kamba: mitamba wetu waandaliwe kabla ya kuzaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie jambo ambalo wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Nyanda za Juu Kusini tumelizoea kiasi kwamba hatulioni tena kuwa ni kosa, nalo ni kuanza kumkamua mtamba, yaani ng'ombe jike wa uzao wa kwanza, siku ile ile aliyozaa bila kumtayarisha kwa lolote. Nimesukumwa kuandika na mazungumzo niliyokuwa nayo wakati wa likizo na kijana wa jirani yangu hapa Isongole, anayesoma Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro. Alinionyesha kwenye simu yake video ya roboti ya kukamua huko Uholanzi. Ng'ombe anaingia mwenyewe katika kizimba, mlango unafunga nyuma yake, mkono wa chuma unapita chini ya tumbo, brashi zinasafisha chuchu, vikombe vinne vinapanda kimoja baada ya kingine, na baada ya dakika saba hivi mlango wa mbele unafunguka naye anaondoka akiwa bado anatafuna. Hakuonekana mtu hata mmoja. Kijana akaniambia, "Mzee, sisi tunachokosa ni mashine tu. Siku tukizipata hizi, mama zetu watapumzika."

Nilimjibu kwamba mama zake wakipumzika nitafurahi kuliko yeye, kisha nikamwomba airudishe video ile mwanzo, safari hii asitazame mashine bali amtazame ng'ombe. Nilitaka aone kwamba ndani ya kizimba kile hapakuwa na kamba. Hakuna aliyemshika mkia, hakuna aliyemfunga miguu ya nyuma, hakuna aliyesimama pembeni na fimbo. Ng'ombe yule alikuja kwa hiari yake, na kama asingetaka kuja, mashine ile ya mamia ya mamilioni ya shilingi ingekaa pale ikimsubiri kama mwenye duka asiye na wateja.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajaiona, nieleze kwa kifupi. Roboti hizi zilianza kufungwa katika mashamba ya Uholanzi mwaka 1992, na tangu hapo zimeenea katika nchi nyingi za Ulaya, Amerika ya Kaskazini na kwingineko. Kila ng'ombe huvaa shingoni au sikioni kifaa kidogo kinachomtambulisha, hivyo kompyuta hujua ni nani aliyeingia, alikamuliwa lini na anastahili chakula kiasi gani. Akiwa amekuja mapema mno hufunguliwa aende zake bila kukamuliwa na bila kupewa kitu. Akiwa amefika kwa wakati, humwagiwa chakula kitamu mbele ya pua yake, na wakati anakula, miale ya leza au kamera hutafuta chuchu zilipo ili vikombe vipandishwe. Kila chuchu hukamuliwa peke yake na kikombe chake huachia pale inapokuwa imekwisha, jambo ambalo mkono wa mtu au mashine ya kawaida haulifanyi kwa urahisi.

Roboti moja ya aina hiyo huhudumia takriban ng'ombe 60. Tukisema kila mmoja hukamuliwa wastani wa mara 2.7 kwa siku, na kila zamu huchukua dakika 7, tunapata zamu 162 na dakika 1,134, yaani karibu saa 19 kati ya 24. Saa chache zinazobaki ni za kuosha mitambo na za ng'ombe wanaoingia bila kustahili. Msomaji anayejua hesabu ataona mara moja kwamba katika ratiba iliyobana namna hiyo, mtamba mmoja anayerusha mateke kwa dakika 20 amewala wenzake karibu zamu tatu, na mitamba watano wa namna hiyo kwa wakati mmoja wanaweza kulivuruga shamba zima. Ndiyo maana wenye roboti hawasubiri mtamba azae ndipo waanze kumfahamisha mahali pa kukamulia. Wiki tatu au nne kabla ya kuzaa wanamwingiza katika kizimba kila siku, wanampa chakula, wanamwacha asikie mlio wa pampu na mlango, wanauacha mkono wa mashine usogee chini yake bila kumkamua, kisha wanamfungulia. Wengine wana kituo cha chakula kinachofanana na kizimba cha roboti kwa ajili ya mitamba peke yao. Nywele ndefu za kiwele hupunguzwa ili zisivichanganye vifaa vya kutafuta chuchu wala kubeba tope. Chuchu za ziada, zile ndogo ambazo baadhi ya ndama huzaliwa nazo, huondolewa na mganga wa mifugo wakati ndama bado mdogo, maana mashine inaweza kuzidhania kuwa chuchu halisi.

Akishazaa, huletwa na mtu mara mbili au tatu kwa siku, kwa utulivu, huku mhudumu akiielekeza mashine kwa mara ya kwanza mahali chuchu zilipo, kwa sababu kiwele cha aliyezaa juzi huwa kimevimba na chuchu zimetawanyika tofauti na zitakavyokuwa baada ya wiki mbili. Wengi huanza kuja wenyewe ndani ya siku chache. Wachache wanaosuasua huchukua wiki mbili au zaidi. Wafugaji wenye busara huwaingiza kundini wawili wawili, kwa kuwa mtamba mgeni aliye peke yake husukumwa na wakubwa hadi anaogopa hata kulikaribia lango, na huishia kuvizia usiku wa manane wakati ng'ombe wakubwa wa kundi wamelala.

Kwa hiyo kijana wetu aliona mashine, lakini nyuma ya mashine ile kuna wiki nyingi za kazi ya mikono ambayo video haikuionyesha. Na kazi ile haihitaji umeme.

Nasema haya nikiwa nimestaafu utumishi wa ugani wa mifugo, na nikiri kwamba katika miaka yangu ya kazi nami nilifundisha sana habari za majani, chanjo na uhimilishaji (kumpandisha ng'ombe kwa mbegu bila dume), lakini habari ya kumzoesha mtamba niliigusa kwa sentensi moja tu mwishoni mwa somo, watu wakiwa wameshaanza kukunja madaftari. Kilichonifundisha ni mtamba wangu mwenyewe. Mwaka 2011 nilinunua mtamba chotara wa Friesian mwenye mimba ya miezi saba kutoka shamba moja kubwa, nje ya mkoa wetu, ambalo sitalitaja. Alishushwa kwenye Fuso usiku wa mvua, akiwa na karatasi inayoeleza tarehe ya uhimilishaji, chanjo alizopata na lita za mama yake. Karatasi ile haikueleza kwamba tangu alipoachishwa kunyonya hakuna mkono wa mtu uliowahi kumgusa isipokuwa wa kumchoma sindano. Nilimweka bandani, nikamlisha vizuri, nikamwacha "apumzike". Alipozaa, asubuhi ya kwanza ilibidi tuwe watu wanne: mwanangu kwenye mkia, jirani kwenye kamba ya shingo, mimi nikimfunga miguu ya nyuma, na mke wangu akiwa na ndoo. Ndoo ilipigwa teke mara tatu. Siku ya pili mke wangu alipigwa kifundo cha mkono, akakaa na bandeji karibu mwezi mzima. Mtamba ambaye mama yake aliandikiwa lita 15 kwa siku alitupa lita 4, na wiki ya tatu chuchu moja ya mbele ikaanza kutoa mabonge. Tulitibu, lakini robo ile ya kiwele ilikufa. Kufikia mwaka uliofuata nilikuwa nimemuuza kwa mchinjaji, kwa bei ambayo naona aibu kuitaja gazetini.

Wakati ule nilisema ana roho mbaya. Hivyo ndivyo tunavyosema wote: ng'ombe huyu mkorofi, ng'ombe huyu ana mashetani, ukoo wake ndivyo ulivyo. Leo najua kwamba hakuwa mkorofi. Alikuwa na hofu, na mwenye kosa nilikuwa mimi, nikisaidiana na aliyeniuzia.

Sayansi yake si ngumu, na ningependa kila anayekamua aifahamu. Maziwa hayatoki kwa kuvutwa tu. Chuchu inapoguswa na kusuguliwa kwa upole, ubongo wa ng'ombe hutoa homoni iitwayo oksitosini, ambayo husafiri kwenye damu hadi kwenye kiwele na kuviminya vifuko vidogo vinavyohifadhi maziwa. Hapo ndipo tunaposema ameshusha. Huchukua kama dakika moja hadi moja na nusu tangu aguswe, na nguvu yake hudumu dakika chache tu, ndiyo maana mkamuaji anayesimama katikati ya kazi kupokea simu huacha maziwa ndani. Sasa ng'ombe akiogopa, mwili humwaga homoni nyingine, adrenalini, ile ile inayokufanya wewe mdomo ukauke ukikutana na nyoka njiani. Adrenalini hubana mishipa ya damu na kuzuia kazi ya oksitosini. Mtamba aliyefungwa miguu na kushikwa mkia amebana maziwa bila kutaka, na hata ukimpiga hawezi kuyashusha. Ukimpiga ndiyo anayabana zaidi. Maziwa yanayobaki ndani hukiambia kiwele kwamba kisitengeneze mengine, na huwa chakula cha vijidudu vya ugonjwa wa kiwele. Lita zangu 11 zilizopotea mwaka ule zilipotelea hapo.

Na mtamba hasahau. Ng'ombe hutofautisha watu, hukumbuka mahali alipoumizwa, na kile alichojifunza katika kukamuliwa kwa mara za kwanza hukibeba katika uzao wake wa pili na wa tatu. Roboti imetufundisha jambo hili kwa njia ya kikatili kidogo, kwa sababu yenyewe haina uwezo wa kumlazimisha. Ng'ombe aliyeogopa haji, basi, na mwenye shamba anaona kwenye kompyuta jina la asiyekuja. Sisi tuna kamba, na kamba imeuficha uzembe wetu. Mtamba asiyeandaliwa anakamuliwa vivyo hivyo, kwa vita, nasi tunaandika lita 4 daftarini na kusema mbegu ile ilikuwa mbaya.

Inashangaza kwamba haya yanahitaji kuandikwa na mtu wa Rungwe. Wazee wa Kinyakyusa, kabla nyumba za matofali na bati hazijaenea, walilaza ng'ombe ndani ya nyumba ile ile waliyolala wao. Ndama alizaliwa akisikia watu wakikohoa, wakicheka na kugombana. Moshi wa kuni na harufu ya binadamu vilikuwa sehemu ya maisha yake tangu usiku wa kwanza. Sipendekezi turudi huko, na afisa afya hatanielewa nikipendekeza. Lakini tulipojenga mabanda ya sakafu ya saruji mita ishirini nyuma ya nyumba, kama tulivyoelekezwa, tulipata usafi na tukapoteza mazoea, wala hakuna aliyetuambia kwamba sasa mazoea yale itabidi tuyatengeneze kwa makusudi.

Nieleze ninavyofanya sasa, si kwamba ni sheria, bali kwa kuwa nimeyajaribu kwa mitamba sita waliozaliwa bandani mwangu. Kazi inaanza na ndama. Baada ya kupata dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake, ya kutosha katika saa chache za mwanzo, ananyweshwa maziwa kwa ndoo, na anayemnywesha humpapasa shingo, mgongo na chini ya tumbo wakati anakunywa. Akifikisha miezi mitatu anafundishwa kutembea kwa kamba ya kichwani, umri ambao mtoto wa darasa la tano anaweza kumwongoza. Ukisubiri afikishe kilo 300, yeye ndiye atakayekuongoza wewe, hadi kwenye shamba la chai la jirani. Kutoka hapo hadi kupandishwa sifanyi mengi, ila nahakikisha habaki bandani wiki nzima bila kuguswa, na miguu yake naikagua, kwa sababu mvua za huku haziishi na tope huoza kwato. Mtamba mwenye kwato zinazouma hatasimama kwa utulivu hata ungemwandaa vipi.

Kazi kubwa ni miezi miwili ya mwisho ya mimba. Mwezi wa kwanza kati ya hiyo, kila jioni mtamba anaingizwa mahali pa kukamulia, si kwingine, na hapo ndipo anapopewa pumba zake zilizochanganywa na mashudu ya alizeti. Hapewi pumba mahali pengine popote. Baada ya wiki moja huhitaji tena kumvuta, maana ukifungua mlango yeye ndiye wa kwanza. Akila, mtu anasimama upande ule ule ambao mkamuaji atakaa, anamsugua ubavuni kwa brashi ngumu au kwa gunzi la hindi, na anashuka pole pole siku hadi siku: ubavu, paja, mbele ya kiwele, kiwele chenyewe, chuchu. Akiinua mguu, mkono hauondolewi haraka, kwa sababu ukiuondoa pale pale umemfundisha kwamba teke linafanya kazi; unaacha mkono utulie hadi mguu urudi chini, ndipo unaondoa. Hili dogo ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa, na nadhani ndilo lenye thamani kuliko yote niliyoandika hapa.

Wiki tatu za mwisho anaingizwa pamoja na ng'ombe anayekamuliwa, mpole, mzee wa kazi, ili asikie ndoo zikigongana na maziwa yakichuruzika, na amwone mwenzake akitafuna bila wasiwasi. Kiwele chake kinafutwa kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya vuguvugu, kama kitakavyofutwa baada ya kuzaa, na chuchu zinachovywa dawa. Naomba hapa wasomaji wanielewe vizuri: kugusa si kukamua. Ncha ya chuchu ya mtamba imezibwa na kizibo cha nta ambacho mwili wake umekitengeneza kuzuia vijidudu visiingie, na anayejaribu kumminya "aone kama maziwa yamefika" anakiondoa kizibo hicho na kufungua mlango wa ugonjwa wa kiwele kabla hata ndama hajazaliwa. Nimeona watu wazima wenye uzoefu wa miaka 20 wakifanya kosa hili kwa furaha tu ya kutazamia maziwa.

Mtamba wa kwanza niliyemwandaa hivyo alizaa mwaka 2014. Siku ya kwanza alikamuliwa na mke wangu peke yake. Alihamisha miguu, aligeuza kichwa kumtafuta ndama, kisha akarudi kwenye pumba. Hapakuwa na kamba ya miguu, na kamba hiyo sijui iko wapi siku hizi.

Najua litakalosemwa. Litasemwa kwamba mtamba hana maziwa, hivyo muda unaotumika kwake ni hasara, na kwamba mama mwenye ng'ombe wawili, shamba la viazi, watoto wa shule na mume aliyeko Mbeya mjini hana dakika za kumpapasa mnyama. Hoja hii naiheshimu kuliko nyingine zote. Lakini mazoezi haya yanachukua dakika 10 hadi 15, tena ni dakika ambazo mtamba angekula kwa vyovyote vile, na kazi ya kumpapasa inawezwa na mtoto baada ya shule ilimradi mtu mzima awe karibu. Mtamba mwenye vita humgharimu mama yule yule nusu saa asubuhi na nusu saa jioni kwa miezi kumi, na mara nyingi humkosesha bodaboda wa kupeleka maziwa kituo cha kukusanyia, kwa kuwa pikipiki ya maziwa haimsubiri mtu. Wakati maziwa yamechelewa, hupozwa kwa kuchelewa, na kituoni yanakataliwa.

Kuhusu roboti zenyewe, sina ugomvi nazo wala sina ndoto nazo. Mashine inayohitaji ng'ombe 60, umeme usiokatika mchana na usiku, maji safi ya kutosha na fundi anayefika ndani ya saa chache si ya mfugaji wa Rungwe, Busokelo au Njombe mwenye ng'ombe wawili au watatu. Labda shamba moja moja kubwa la Iringa au Mufindi litaifunga siku moja, nami nitapenda kwenda kuiona. Lakini hata kabla ya kufika huko, vikundi kadhaa vimeshanunua mashine ndogo za kukamulia, zile za pampu na ndoo, na huko nako nimeliona tatizo hili hili. Kikundi kimoja ninachokifahamu kiliiwasha mashine yake kwa mara ya kwanza pembeni ya ng'ombe waliozoea mikono tu. Pampu ilipoguruma, mmoja alikata kamba. Wanachama wakakubaliana kwamba mashine hiyo haifai ng'ombe wa Kiafrika, na mara ya mwisho nilipoiona ilikuwa stoo, imewekewa magunia ya mahindi juu. Kama wangeiwasha kwa mbali kwa wiki mbili ng'ombe wakiwa wanakula, wakaisogeza kidogo kidogo, na wakaanza na mitamba badala ya wakubwa wenye mazoea yao, magunia yale yangekaa mahali pengine.

Jambo jingine nitaligusa kwa haraka kwa kuwa linastahili barua yake. Kwa sababu ya roboti, wazalishaji wa mbegu Ulaya na Marekani wanapima kwa makini nafasi ya chuchu, hasa za nyuma, maana zikikaribiana mno au zikipishana mashine hushindwa kupandisha vikombe. Katika orodha za madume huonyeshwa pia urefu wa chuchu, kasi ya kukamulika na upole. Sisi mtaalamu wa uhimilishaji akija tunamuuliza lita tu. Mkono wa mwanamke anayekamua saa kumi na moja alfajiri kwenye baridi ya Juni unajua sana tofauti ya chuchu fupi kama kidole cha mtoto na chuchu inayoshikika, hivyo mama huyo aulizwe kabla ya mbegu kuchaguliwa.

Ninachoomba kupitia gazeti lako ni kidogo. Mashamba yanayozalisha na kuuza mitamba, yawe ya serikali au ya watu binafsi, yaongeze mstari mmoja katika karatasi ya mauzo unaosema kama mtamba huyu amezoeshwa kuongozwa kwa kamba na kuguswa kiwele, na mnunuzi apewe haki ya kumjaribu kabla ya kulipa: amshike, amwongoze hatua ishirini, ampapase. Mtamba anayekubali auzwe ghali zaidi. Mimi nitakuwa wa kwanza kulipa tofauti hiyo. Mfanyakazi mmoja wa shamba kubwa akipewa kazi hiyo peke yake anaweza kuwapitia mitamba wengi kwa siku, na mshahara wake utarudi katika bei.

Vilevile utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, ambao umezifikia familia nyingi za mikoa yetu kupitia mashirika na makanisa, una nafasi nzuri kuliko soko. Familia inayolipa hutoa mtamba kwa familia inayofuata, na mara nyingi majirani hao wanafahamiana. Kamati za vikundi zinakagua afya na umri wa mtamba kabla ya kukabidhiwa. Zikague na hili. Mpokeaji naye afike bandani kwa mtoaji wiki chache kabla ya siku ya makabidhiano, amlishe mtamba kwa mkono wake mwenyewe, ili siku atakapohamishwa abadilishe banda lakini asibadilishe mtu. Katika kijiji chetu wawili wamefanya hivyo mwaka huu bila kuagizwa na yeyote.

Na wale wanaoandaa maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale pale Mbeya, ambako kila Agosti tunaona ng'ombe wazuri waliooshwa na kufungwa kamba mbili mbili, nawaomba waongeze shindano moja la mitamba wasiozaa bado. Mshindi asichaguliwe kwa ukubwa wa mwili. Aongozwe uwanjani na mtoto, kwa kamba iliyolegea, aingizwe kizimbani mbele ya umati na kelele za spika, na mgeni asiyemjua amfute kiwele. Nina hakika watu watasongamana kwenye shindano hilo kuliko wanavyosongamana kwa dume la kilo 900.

Ninapoandika barua hii ninaye mtamba mmoja aliyebakiza siku kama kumi na mbili. Jana jioni mjukuu wangu alisahau kuweka pumba mahali pa kukamulia, na mtamba akaingia mwenyewe, akanusa hori tupu, akasimama pale akitazama mlangoni hadi tulipomletea. Msimamizi yeyote wa shamba la mitamba anayetaka kuja kumwona kabla hajazaa, na siku ya kwanza ya kumkamua, anakaribishwa Isongole, na chai ya maziwa itakuwepo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfugaji na mstaafu wa ugani wa mifugo,
Isongole, Wilaya ya Rungwe, Mbeya